Programu ya umoja na wingi inayomwadhibu mtoto aliyepatia

Nyota moja. Huenda zikawa mbili, sijaamua, maana bado nina hasira.

Nazungumzia programu ya simu ya kufundishia watoto umoja na wingi wa nomino za Kiingereza, ile yenye kima wa katuni anayetikisa kichwa mtoto akikosa. Inaingia kwenye simu gani na ina masomo mangapi, hayo mtayaona wenyewe mkiipakua. Mimi nina kesi na swali moja.

Inakuja picha ya tumbo, neno "stomach", na kisanduku cha kuandikia wingi. Mtoto anaandika "stomachs", na ndivyo linavyoandikwa, fungua kamusi yoyote. Kima anatikisa kichwa, mlio wa kukera unatoka, moyo mmoja kati ya mitatu unapasuka, kisha maandishi mekundu yanamsahihisha: "stomaches". Hakuna kitufe cha kuruka swali. Mioyo ikiisha anarudishwa mwanzo wa somo, kwa hiyo njia pekee ya kusonga mbele ni kukubali kuandika kosa.

Niliwaandikia huduma kwa wateja kwa adabu zote, na picha ya skrini nikaambatanisha. Nikajibiwa kwamba nomino inayoishia na ch huongezwa es, na kwamba "ni vizuri mzazi naye ajifunze kanuni kabla ya kulalamika".

Haya, tuongee kanuni. Es haifuati herufi, inafuata sauti. Neno likiishia na sauti kama s, z, sh au ch, ukibandika s nyingine juu yake haitamkiki, ndiyo maana irabu inaingizwa katikati na neno linapata silabi moja zaidi: buses, boxes, dishes, churches. Sasa ch ya "stomach" inatamkwa k. Baada ya k, s inapita bila taabu, kama inavyopita kwenye "books". "Monarchs" vilevile. Mtoto aliyefundishwa kwa masikio analipata jibu hili bila kuambiwa na mtu. Aliyefundishwa kutazama herufi mbili za mwisho ndiye anayekwama, na programu hii haina kingine inachofundisha ila kutazama herufi mbili za mwisho.

Ukishalijua hilo, kila kitu ndani yake kinakuudhi. Sauti, kwa mfano. Wingi hawakuurekodi. Walirekodi umoja, halafu wakagundisha mlio uleule wa s nyuma ya kila neno. Bofya "dogs": unasikia "dog", kimya kidogo, kisha "sss". Hakuna mtu anayezungumza hivyo. S ya wingi hutamkwa kwa namna tatu: s kavu kwenye cups, cats, books, z kwenye dogs, pens, bees, na iz kwenye boxes. Weka vidole kooni utamke "cats" kisha "dogs", utasikia mwisho wa "dogs" koo linatetemeka. Mtoto hahitaji kuelezwa sauti ghuna ni nini. Anahitaji kulisikia neno zima likitoka kinywani mwa mtu.

Halafu tarakimu. Kila picha imeandikwa idadi na sauti inaitaja: "three pens". Mtoto anayezungumza Kiswahili amezoea wingi utangazwe mwanzoni mwa neno, kitabu vitabu, mtoto watoto, kwa hiyo hana desturi ya kungoja mkia. Akishasikia "three" kazi imekwisha, s inapita bila kusikiwa. Ndiko "three pen" inakotoka.

Dawa yake haihitaji simu. Weka mezani kalamu moja upande mmoja, tatu upande wa pili, useme "Give me the pens", bila namba na bila kunyoosha kidole. Akikuletea tatu, ameisikia s. Usiende kwa zamu, moja, nyingi, moja, nyingi, atakariri zamu badala ya kusikiliza, changanya. Vitu vinne au vitano kwa kikao vinatosha, vyote vya s tupu, na vya es visubiri hadi hivi vimeshika. Kisha mgeuze: yeye aagize, wewe utoe. Akisema "pen" mpe moja hata kama macho yake yanazitaka tatu. Atajisahihisha mwenyewe, wala hakuna moyo uliopasuka.

Na mpangilio wa masomo, sijui nani aliuidhinisha. "Oxen" na "geese" ziko somo la pili, kabla mtoto hajaiona "boxes"! Maneno yasiyofuata kanuni hufundishwa kama jozi za kukariri, machache kwanza, yale anayokutana nayo kila siku: men, women, children, feet, teeth. Na "women" ni ya kusikilizwa, kwa sababu kinachobadilika kwenye maandishi ni silabi ya pili, ilhali kinachobadilika zaidi masikioni ni ya kwanza. "Sheep" haina shida kwetu. Mwambie nyumba moja, nyumba kumi, ataelewa papo hapo.

Mtoto akiandika "foots", moyo unapasuka vilevile, kana kwamba amebahatisha. Hajabahatisha. Mwaka 1958 Jean Berko, huko Marekani, aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe cha kubuni akakiita "wug", kisha picha ya viwili, na watoto wengi wakasema "wugs", neno ambalo hawakuwahi kulisikia popote. Walikoteleza zaidi ni kwenye maneno ya kubuni kama "tass", yanayohitaji es. Kwa hiyo "foots" ni ushahidi kwamba kanuni imeshaingia. Unamjibu tu "Yes, two feet" na mnaendelea.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Somo la y ni zuri kweli: herufi iliyotangulia y inapakwa rangi, irabu njano na konsonanti buluu, hivyo mtoto anaona mara moja kwa nini "boys" na "keys" zinabaki na y ilhali "baby" inakuwa "babies". Kwenye f nako "leaves" na "knives" zimewekwa kando ya "roofs" na "chiefs", bila kosa hata moja. Kumbe humo ndani kuna mtu anayejua kazi! Aliyekuwa zamu siku ya "stomach" ni nani basi?

Wiki hizi wametoa sasisho, na "stomachs" sasa inapita. Nikaja kuongeza nyota ya pili, tena nilishaiongeza, kabla ya kufungua swali lililofuata. "Church". Jibu "churches", na kima akatikisa kichwa. Sasa wanataka "churchs". Badala ya kuliweka neno moja kwenye orodha ya pekee, wamefuta kanuni nzima ya ch. Nyota ya pili nimeiondoa. Kama mwanao yumo kwenye somo hilo, msimamishe hapo alipo kabla hajafika kwenye "match" na "bench".