Darasa la kushona viraka kwa karatasi hapa Mwanga, Kigoma: maoni yangu

Wadau wa cherehani mliojaza inboksi yangu kuulizia lile darasa la viraka vya karatasi pale Mwanga, majibu haya hapa. Nendeni, ila uende kama tayari unajua kushona mstari ukanyooka, maana yule mama anayefundisha hana muda wa kukufundisha kukanyaga pedeli.

Kwa ambao hawajawahi kuona ni hivi, mchoro unaprintiwa kwenye karatasi, kila sehemu ina namba yake, halafu unashona kitambaa pamoja na karatasi yenyewe ukifuata mstari. Hamna kupimapima pembetatu moja moja, ndo maana ncha za nyota zinatoka kali hata kwa mtu mwenye mkono mzito. Na vitambaa kwa Kigoma hii siyo ishu kabisa, mabaki ya vitenge kwa mafundi yapo, ukiwa na maneno mazuri unapewa bure. Chukua ya pamba tu, ya poliesta pasi ya moto ikigusa yanajikunja.

Sasa mama anapojua kufundisha ni kwenye kipande cha pili, hapo ndo watu wengi wanakwama wakijisomea kwenye simu. Kipande cha kwanza kinakaa upande wa karatasi usio na mchoro, uso wake ukiangalia juu, kifunike namba 1 yote na kizidi kidogo pembeni. Cha pili unakilaza juu yake uso kwa uso. Kabla hujashona bana pini palepale kwenye mstari kati ya 1 na 2, kikunjue, inua karatasi dirishani uangalie kwenye mwanga kama kimeifunika namba 2 yote, kama hakijafika sogeza. Ndo unageuza, unashona ukiwa unaona mchoro, unakunja karatasi kwenye mstari, unapunguza kitambaa kilichozidi ukibakiza robo inchi nje ya mshono, unakikunjua kipande cha pili, unapiga pasi, unaenda namba 3. Alimrudisha kila mtu kwenye hicho kipimo cha dirishani mpaka tukachoka lakini kinasaidia jamani.

Kingine, stichi ziwe ndogo, kama milimita 1.5, na sindano namba 14, ili karatasi itoboke vizuri na mwishoni ichanike bila kuvuta uzi. Cherehani ya kawaida ya Butterfly inatosha, shusha tu kile kishikizo cha urefu wa stichi. Na karatasi usiitoe mapema, subiri mpaka vipande vikubwa viungane, kwa sababu kingo nyingi zinakuwa zimekatwa mshazari na zinavutika ovyo.

Malalamiko yangu sasa. Hakutuambia mapema kwamba mchoro unatoka umegeuka kama kwenye kioo, dada mmoja akashona herufi ya jina lake kwenye foronya, ikaangalia nyuma, na kitenge chenyewe kilikuwa kizuri, roho iliniuma kwa niaba yake. Nyota haina shida ila herufi na mtumbwi lazima ugeuze mchoro kwanza. Halafu pasi ni moja, ya mkaa, watu wote foleni, na kazi hii kila mshono unataka pasi, kwahiyo nusu ya muda mnapiga stori.

Karatasi unajitegemea, ada haihusu. Ukienda steshenari mwambie kijana aprinti asilimia 100, wakiacha kompyuta ibane mchoro uenee kwenye A4 unapungua na hautaungana na wa mwenzio. Michoro mingi ina kiboksi cha inchi moja pembeni, kipime na futi yako hapohapo kaunta kabla hujalipa.

Ada siyo mbaya, na ukimwomba ulipe kwa awamu anakubali. Wenye pasi ya umeme nyumbani bebeni, soketi ipo pale karibu na mlango.