Yoga ya Kuanzia: Ipi Uilipie Kwanza na Ipi Isubiri

Ukifungua ratiba ya studio ya yoga Nairobi au Dar es Salaam utakuta iyengar, hatha, yin, vinyasa na ashtanga, na mara nyingi bei ni ileile. Anayeanza huchagua kwa kuangalia saa inayomfaa. Anaingia, anatoka na maumivu ya kiuno, na hamu yote inaishia hapo. Jambo hili linanisikitisha, maana mwili wake haukuwa na kasoro. Alilipia darasa la watu waliokwisha kuzoea.

Mimi napima kwa kitu kimoja: je, mwendo wa darasa unampa mwalimu nafasi ya kukuona na kukurekebisha? Video za bure zimejaa kwenye simu, lakini video haioni kwamba goti lako linalala ndani. Jicho hilo ndilo unalolipia miezi ya kwanza, na ndivyo nilivyozipanga hapa chini.

1. Iyengar

B.K.S. Iyengar (1918–2014), aliyefundisha Pune, India, alikuwa mtoto wa kuuguaugua: malaria, kifua kikuu, homa ya matumbo. Alianza yoga akiwa na mwili dhaifu uliokakamaa, na mfumo wake unamjali mtu wa namna hiyo. Mkao mmoja unakaliwa kwa muda. Mwalimu anaeleza mguu wa nyuma uelekee wapi na uzito uwe upande gani wa kisigino, kisha anazunguka kuangalia mmoja mmoja. Mkono usipofika sakafuni unawekewa tofali la mbao au la sponji. Usipofikia vidole vya miguu unapewa mkanda, na ukishindwa kukaa wima unakunjiwa blanketi la kukalia. Mnaanza na mikao ya kusimama. Mazoezi ya pumzi yanakuja baadaye sana.

Kijana mwenye pupa ataliona darasa hili linakwenda polepole mno. Lakini kama una miaka hamsini, au unakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima na mgongo unalalamika, sijui pengine pa kukuelekeza palipo bora kuliko hapa. Mwalimu haruhusiwi kutumia jina la Iyengar bila cheti cha mfumo wenyewe, kwa hiyo uliza. Shida ni kwamba huenda usimpate mwalimu wake mjini kwako.

2. Hatha ya taratibu

Usipompata wa Iyengar, njoo hapa. Studio huliita hatha karibu darasa lolote la mwendo wa pole, kwa hiyo usiridhike na jina. Piga simu uulize mkao mmoja hukaliwa kwa pumzi ngapi. Ukijibiwa tano au zaidi, na wanafunzi hawazidi kumi na wawili, jiandikishe.

3. Sivananda

Mikao 12 ya msingi kwa mpangilio usiobadilika, pumzi mwanzoni, kulala chali na kupumzika mwishoni. Uzuri wake ni kwamba unaukariri mapema na kuufanya nyumbani. Kusimama kwa kichwa kumo ndani ya mpangilio huo. Mwambie mwalimu kwamba wewe mkao huo utauacha kwanza.

Madarasa haya pia huwa na nyimbo za Kisanskriti. Msomaji ambaye dini yake inamfanya asite ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa pesa. Madarasa mengi ya studio ni mikao na pumzi tu, na mwalimu mwenye adabu hamlazimishi mtu kutamka asichokiamini. Uliza vilevile kama kuna kipindi cha wanawake peke yao. Kuhusu nguo, suruali pana na fulana ndefu zinatosha, ila chomekea fulana, kwani kuna mikao mingi ya kuinamisha kichwa.

4. Yin na yoga ya kupumzisha

Unakaa au kulala sakafuni na kutulia kwenye mkao mmoja dakika 3 hadi 5, wakati mwingine zaidi. Inamfaa mkimbiaji na mtu asiyepata usingizi, lakini haikujengi nguvu. Ichukue kama nyongeza. Mwenye viungo vilegevu asijivute hadi mwisho.

5. Vinyasa

Hii ndiyo utakayoipata kirahisi kuliko zote. Africa Yoga Project, iliyoanza Nairobi mwaka 2007, imewafunza vijana wengi wa Kenya kuwa walimu, na mtindo wao uko katika ukoo huu. Mikao inafuatana kwa pumzi, jasho linatoka, na raha yake ni ya kweli. Tatizo ni kule kushusha mwili kama pushapu kunakorudiwa tena na tena. Mtu asiyejua kubana viwiko huumiza bega, na katika chumba chenye watu thelathini mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja. Ingia pale tu palipoandikwa ni kwa wanaoanza.

6. Ashtanga

Ni mfumo wa K. Pattabhi Jois wa mji wa Mysore, India, aliyefundishwa na Krishnamacharya, mwalimu yuleyule wa Iyengar. Mfululizo wa kwanza huchukua kama dakika 90 na ni mgumu kwelikweli. Ukikuta darasa la namna ya Mysore, ambapo kila mtu anapewa mikao yake kidogo kidogo, ipandishe hadi nafasi ya tatu.

7. Yoga ya joto

Ile maarufu iitwayo Bikram ni mikao 26 kwa dakika 90 ndani ya chumba cha nyuzi joto 40 hivi. Joto linakufanya ujione umelainika kuliko ulivyo, ukavuta misuli kupita kiasi. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wasiiguse.

Kabla ya kulipa

Usinunue kifurushi cha mwezi. Lipia darasa moja kwa walimu wawili tofauti, uone nani aliyekuuliza habari za afya yako bila wewe kuanza. Mwenye presha, presha ya macho au ujauzito aseme mapema, hasa kwa ajili ya mikao ya kichwa chini. Cheti cha mafunzo ya ualimu ya saa 200 ni cha mwalimu anayeanza kazi, kwa hiyo uliza pia amefundisha miaka mingapi. Tarehe 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga, balozi za India huandaa mazoezi ya wazi, nafasi nzuri ya kuonja bila gharama.

Kuhusu mkeka, ile minene na laini ya mazoezi ya tumbo inateleza na kuyumbisha miguu ukisimama. Chukua wa milimita 4 hadi 6, ukanyage kwa miguu mitupu dukani kabla ya kulipa. Magoti yakiuma, kunja taulo. Tofali na mkanda usinunue bado. Vitabu viwili vinene na mtandio vinafanya kazi hiyohiyo.