Kalamu ya kupimia chumvi ya maji: miezi minane nayo hapa Lamu

Niliinunua Malindi, duka dogo la vifaa vya umeme, shilingi 1,200. Mimi ni fundi bomba, nina cheti cha daraja la pili cha NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, na kazi zangu nyingi ni nyumba za wageni. Kila mwenye nyumba huuliza: "Fundi, maji haya yana chumvi kiasi gani?" Miaka yote jibu langu lilikuwa ni kuyaonja. Lakini mtu anayetaka kufunga hita ya bei kubwa hataki kusikia habari za ulimi wa fundi, anataka namba.

Kifaa chenyewe ni kama kalamu nene. Kina betri mbili ndogo kama za saa, kifuniko, na chini kuna pini mbili za chuma. Unakiwasha, unazamisha pini kwenye kikombe cha maji hadi penye alama, unatikisa kidogo mapovu yatoke, kisha unasubiri namba itulie. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kuwa chumvi ikizidi, umeme hupita kwa wepesi. Halafu kinageuza kipimo hicho kuwa miligramu za vitu vilivyoyeyuka ndani ya lita moja. Shirika la Afya Duniani linasema maji yaliyo chini ya 600 huwa na ladha nzuri, na yakivuka 1,000 watu wengi huanza kuyakataa.

Siku ya kwanza nilizunguka nacho na mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani. Kisima cha Shela, kando ya vilima vya mchanga: 470. Kisima chetu cha Langoni, mjini Lamu, ambacho maji yake tunaogea na kufulia tu: 2,310. Pale forodhani kifaa kilishindwa kutoa namba, maana mwisho wake ni 9,990 na bahari ina kama 35,000.

Yule binti alisimama na kikombe mkononi akaniuliza: "Kaka, kisiwa ni kimoja, kwa miguu ni chini ya saa moja. Mbona huku matamu na huku chumvi?" Sikuwa na jibu. Nimefunga mabomba miaka kumi na sita na sikuwahi kujiuliza hilo.

Jibu alilitafuta mwenyewe, kwa wiki nzima. Mvua ya masika huzama kwenye mchanga wa Shela. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake humo humo ardhini. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na kama mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Ukivuta kupita kiasi kwa pampu, chumvi hupanda kutoka chini. Ndipo nikaelewa kwa nini wazee wetu hupiga kelele mtu akitaka kujenga juu ya vilima vile. Mji wa Lamu unakunywa kutoka kwenye mchanga ule.

Yaliyofuata sikuyatarajia kutoka kwa kifaa cha shilingi 1,200. Shuleni kwao aliwahi kuja mtu kuzungumzia kazi, akawaambia sekta ya maji ni ya mainjinia, na asiyepata alama za chuo kikuu asijisumbue. Mdogo wangu alipata C kavu. Akalibeba neno lile hadi nyumbani kama hukumu. Mimi neno lile liliniuma sana, kwa sababu si kweli. Digrii inataka C+, lakini diploma inataka C-, na cheti D. Ngazi ipo, na mtu anaweza kuanzia chini akapanda hadi digrii. Kuna Taasisi ya Maji ya Kenya, KEWI, pale South C Nairobi, chuo cha serikali ambacho kazi yake ni kufundisha watu wa maji. Kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kitui kinachofundisha haidrolojia, yaani elimu ya maji. Jambo la kuangalia mapema ni masomo: kila kozi ina masomo yake inayoyataka, hisabati, fizikia au kemia, na alama ya jumla peke yake haitoshi.

Hata hivyo, aliyemwonyesha njia yake hasa ni kalamu hii, na ilimwonyesha pale iliposhindwa. Tulikwenda kupima jabia la jirani, yaani tangi la kujengwa, maji ya mvua matupu. Namba: 68. Kwa mujibu wa boksi, ambalo limeandikwa kwamba kifaa hupima usafi wa maji, yale yalikuwa maji bora kuliko yote tuliyopima. Mdogo wangu akainama. Viluwiluwi wa mbu walikuwa wakichezacheza chini ya uso wa maji. Tukaenda kwenye birika la nyumba ya nyanya, lile la kujengwa la kuhifadhia maji, ambamo tangu zamani hufugwa visamaki vya kula viluwiluwi: 74, na kiluwiluwi hata mmoja hakuna. Namba karibu sawa, maji mbali mbali.

Kalamu haioni vijidudu wala mafuta, na haikwambii kama klorini iliyobaki kwenye bomba ni ile miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita inayotakiwa. Boksi limesema uongo, na ni uongo wa hatari kwa mama mwenye mtoto mchanga. Usinunue ukidhani itakwambia maji yanafaa kunyweka. Mdogo wangu alitoka pale anauliza vijidudu hupimwa vipi, nani huvipima, na mtu huyo alisomea nini. Nikampeleka kwa jamaa wa maabara ninayemfahamu kikazi. Akakaa naye asubuhi nzima akitazama sahani za kuoteshea vijidudu. Aliporudi alikuwa ameshaamua: ubora wa maji, diploma.

Kasoro nyingine: baada ya miezi minne namba zilianza kushuka. Tuliagiza maji ya kurekebishia, yaani maji maalumu ambayo kipimo chake kinajulikana, yale yanayopitisha umeme wa mikrosimensi 1,413 kwa nyuzi 25, na kifaa, kikiwekwa kisome umeme wenyewe, kikasoma 1,180. Kuna skrubu ndogo nyuma ya kugeuza mpaka namba ilingane. Duka halikutuambia hata neno kuhusu hilo, na halikuwa na maji hayo. Ukipima maji ya chumvi, suuza pini kwa maji ya mvua papo hapo, sisi tulichelewa kulijua hilo. Na usilinganishe kalamu mbili za aina tofauti, kila moja ina hesabu yake ya kugeuza umeme kuwa chumvi.

Kwa fundi bomba ninaipa nne kati ya tano. Kwa nyumba yenye kijana anayejiuliza asomee nini, inunue pamoja na chupa ya maji ya kurekebishia.

Yangu ilisafiri naye kwenda Nairobi mwezi wa tisa. Ameniachia daftari lenye vipimo vya kisima cha Langoni, bamvua na maji mafu, yaani bahari inapojaa sana na inapojaa kidogo, na amenisihi nisiruke hata wiki moja. Nimeshaagiza kalamu nyingine.