Una amplifaya ya gitaa kavu tu? Soma kabla hujanunua pedo

Mwaka juzi niliagiza pedo ya distosheni Dar, kile kisanduku cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa, laki moja na nusu, nikaisubiria basi siku mbili. Jumapili nikaichomeka kwenye amplifaya ya kwaya yetu hapa Mwanga, Kigoma, ile ya gitaa kavu. Kukanyaga tu, ikatoka sauti ya nyuki ndani ya kopo la Blue Band. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aligeuka akaniangalia kama nimevunja sahani.

Pedo ilikuwa nzima. Mchawi ni twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Spika za gitaa la umeme hazifiki mbali juu: Celestion Vintage 30, kwa mfano, inaishia hezi 5,000. Sasa chukua Fishman Loudbox Mini, ya gitaa kavu: ina spika ya inchi 6.5 na twita ya inchi 1, na hiyo twita inamwaga nje mikwaruzo yote ambayo spika ya umeme ingeimeza. Mimi niliiziba yetu kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Nyuki walipungua, ila gitaa kavu la mwenzangu nalo likawa linaimba ndani ya gunia. Kwa hiyo rangi, wingi wa efekti, hayo baadaye. Uliza kwanza: pedo inaiga spika ya gitaa la umeme?

Namba moja ni Zoom G1 Four. Mimi ni mtu wa Zoom, sifichi. Amplifaya na spika za kuigiza zimo humo humo, na inakula betri 4 za AA, hugombanii soketi na mpiga kinanda. Ila ukiweka distosheni peke yake bila hiyo spika ya kuigiza, nyuki wanarudi.

Ya pili ni Boss IR-2, nayo inaiga amplifaya na spika, kwa mwenye pedo zake tayari. Ikae baada ya distosheni. Nzuri, ila inakausha mfuko.

Zile pedo za bei chee, kwa koras (gitaa moja lisikike kama mengi) na dilei (mwangwi) za solo safi ya Kikongo, sawa. Distosheni yake, acha.

Na hawa wauzaji! Picha kali, bei "njoo inboksi". Ukifika unaulizwa uko wapi. Ukisema Kigoma, bei inapanda kabla hata ya nauli ya mzigo. Mmoja nilimuuliza kama pedo yake inaiga spika. Akajibu: "Dada, spika haimo, hiyo ni pedo tu. Nikuwekee na waya?"