Kebo ya Mtandao: Ikwaruze Kabla Hujalipa

Malalamiko ya wasomaji yaliyonisukuma kuandika mwongozo huu yanafanana mno: kamera za ulinzi hufanya kazi vizuri mchana kutwa, kisha giza likiingia huzima na kuwaka zenyewe hadi alfajiri. Mwenye nyumba hulaumu kamera, fundi hubadilisha swichi ya mtandao inayounganisha kamera, na muuzaji hupata mauzo ya pili. Kebo iliyofukiwa ukutani hakuna anayeishuku.

Yale ambayo muuzaji yeyote wa Kariakoo anaweza kukusomea kwenye boksi nitayapita upesi. Kebo hupangwa kwa kategoria, kwa kifupi Cat: Cat 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, Cat 6 huweza kubeba gigabiti 10 kwa takriban mita 55, na Cat 6A hubeba kiasi hichohicho kwa mita 100 kamili. Kwa kuwa vifurushi vya faiba vya nyumba nyingi havifiki hata gigabiti 1, mabishano ya kategoria hayastahili muda mrefu.

Kinachostahili muda ni madini yaliyomo ndani ya zile nyaya nane. Viwango vya kategoria hizi vinadai shaba, lakini kebo nyingi zinazouzwa kwa jina la Cat 6 ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hutambulishwa kwa herufi CCA pale mtengenezaji anapokuwa mkweli. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba. Kamera inayopata umeme kupitia kebo hiyohiyo ya data, utaratibu unaojulikana kama PoE, hudai umeme zaidi usiku kwa sababu taa zake za infraredi huwaka. Hapo volti zinazopotea njiani huongezeka, na kamera iliyo mbali na swichi hujizima. Kile kipimo kidogo cha kebo chenye taa nane hakitamsaidia fundi wako, kwani huonyesha tu kwamba waya umeungana na hakipimi ukinzani wake. Isitoshe, alumini hukatika upesi ikikunjwa mara kwa mara, hasa nyuma ya soketi.

Kwa hiyo nenda dukani na wembe. Vuta kipande cha kebo kupitia tundu la boksi, menya ganda, kisha kwaruza waya mmoja. Shaba ni nyekundu hadi ndani, ilhali CCA huonyesha weupe mara tu rangi ya juu inapotoka. Soma pia maandishi ya ganda: AWG ni kipimo cha unene wa waya, na 23AWG ni nene kuliko 24AWG, ingawa namba yake ni ndogo.

Chaguo langu la kwanza ni D-Link Cat 6 ya shaba, 23AWG, na sifichi upendeleo wangu: inabana vizuri kwenye kichwa cha RJ45, ile plagi ya mwishoni mwa kebo, na alama za mita kwenye ganda lake husomeka bila kukodoa macho. Hata hivyo, jina lililo kwenye boksi haliondoi haja ya wembe. Ya pili ni Siemon Cat 6A, ambayo kwa vipimo inaishinda D-Link, lakini ni nene, ni ngumu kupitisha kwenye paipu za ukutani, na nyumba ya kawaida haina kazi ya kuipa. Ya tatu ni Cat 5e ya shaba tupu, ambayo mafundi huidharau bila sababu ya maana. CCA ifae kipande kifupi kati ya ruta na kompyuta, basi. Boksi la bei ya chini lililoandikwa Cat 7 liache hapo hapo. Chama cha TIA cha Marekani, kinachoweka viwango vya kebo hizi, hakikuwahi kuitambua kategoria hiyo.

Linaloniudhi zaidi ni bei. Ingekuwa CCA inauzwa kwa bei ya alumini, mnunuzi angechagua akijua. Badala yake huwekwa karibu kabisa na bei ya shaba, na ukiuliza tofauti unajibiwa kwamba zote ni orijino. Wapo wanaokasirika wakiona wembe, eti unaharibu mali, ilhali boksi lina mita 305 na wewe unakwaruza sentimita chache. Akikataa, toka. Akikubali, mwambie aandike kwenye risiti maneno "Cat 6, shaba tupu", na usitoe fedha kabla hajayaandika, kwa sababu risiti yenye neno "kebo" pekee haitakusaidia utakaporudisha boksi.