Precision Bass ya 1978: nzito kama kinu ila haiungurumi

Hii besi, gitaa la sauti nzito, ni ya mjomba, alikuwa anapiga dansi Dar enzi hizo, sasa mgongo umegoma akaniachia niipige kanisani huku Dodoma. Fender Precision, namba ya kichwani inaanzia S8, yaani 1978.

Mimi kilichoniua ni pikapu, kile kidude cha sumaku kinachodaka sauti ya nyuzi (sio ile ya kubebea mahindi Kibaigwa jamani). Precision ya kwanza ya 1951 ilikuwa na koili moja (waya uliozungushwa kwenye sumaku), na koili moja inadaka kila uchafu wa umeme uliopo jirani, basi 1957 wakaigawa vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi mbili nene, kingine kimesogezwa nyuma kidogo chini ya zile nyembamba, koili zikazungushwa kinyume na sumaku nazo zikageuzwa, kwa hiyo ule uchafu unaingia pande zote mbili, ukikutana unajiua wenyewe, sauti ya uzi inabaki.

Kanisani kwetu ethi ya umeme ni ya kubahatisha, taa za tubu ziko juu ya kichwa changu. Mwenzangu tunayepokezana ana Jazz Bass, besi ya Fender ya pikapu mbili za koili moja moja, akizima pikapu moja abaki na nyingine tu inaanza mmmmm mpaka mchungaji anageuka. Mimi nikiachia nyuzi kimya, unasikia feni tu. Ilimba ya Kigogo, ile ya kupiga kwa vidole gumba, ikivuma ndio utamu wake, ila umeme kuvuma hapana aisee.

Sauti yenyewe nene, haina makeke, inakaa palepale na kiki, ile ngoma ya mguu. Vidude viwili tu, voliumu na toni, toni naweka nusu basi.

Sasa mabaya. Uzito, ibada ya masaa matatu bega linawaka moto. Halafu kiangazi hiki hewa ilivyokauka shingo ikatembea, nyuzi zikaanza kukwaruza freti, vile vyuma vya shingoni, na skrubu ya kunyooshea wameificha kule shingo inapoingilia mwilini, so unalegeza nyuzi, unafungua skrubu nne, unanyanyua shingo, unazungusha robo, unafunga, unatyuni, unapiga, bado, unaanza upya. Tulirudia mara tatu na fundi, ya tatu akazidisha ikabidi turudi nyuma.

Na vumbi letu likiingia kwenye voliumu inakwaruza, pulizia dawa ya kusafishia kontakti, izungushe mara kumi hivi inatulia.

Ukiikuta mahali inauzwa ivae kwanza nusu saa umesimama ndio uulize bei. Mkanda tafuta ule mpana wa ngozi.