Nta ya kopo au silanti kwa gari la Dodoma?

Unapaka nta asubuhi, saa kumi jioni mtoto anaandika jina lake kwenye boneti kwa kidole. Ndilo vumbi letu.

Nta ya kopo, ile ya karnauba itokanayo na majani ya mti wa Brazili, haina mpinzani kwa mng'ao. Gari jeusi linaonekana kama limetoka kulowa mvua. Ila kwa jua hili la kiangazi, wiki sita hivi ukibahatika, halafu unaanza upya, na mkono unauma kweli.

Silanti ya maji, yaani kinga ya rangi ya gari inayotengenezwa kiwandani, inang'aa kikavu, kama kioo. Lakini inakaa miezi minne au zaidi, na vumbi linatoka kirahisi ukimwagia maji. Kwa gari la kazi la kwenda Kondoa na kurudi, mimi nachukua hii.

Yoyote utakayochagua, ipake chini ya mwarobaini kabla jua halijapanda. Boneti ikiwa ya moto, inakaukia na kuacha madoa. Maji ya kisima chenye chumvi yafute upesi. Na kitambaa kikavu juu ya vumbi? Huo ni msasa, ndugu yangu.